Kwa nini pini ya tela inapinda: angalia tundu kabla hujalaumu chuma

Masika iliyopita nilibadilisha pini tatu za tela ndani ya wiki tano. Ya kwanza niliitupa bila kuitazama. Ya pili niliirudisha kwa muuza spea nikamgombeza mbele ya wateja wake, nikisema anauza chuma kisichofaa hata kutundikia sufuria. Ya tatu ilipinda nikiwa na samadi nusu tela, katikati ya mlima wa kwenda Kibosho, na hapo sikuwa na wa kumgombeza. Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara, pini mkononi, nikaitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wenzangu wenye trekta ndogo na pawatila, yale matrekta ya mkono ya magurudumu mawili. Hapa Moshi, ukianzia Pasua mpaka Kiboriloni utapewa majibu mawili. La kwanza: "Pini za siku hizi feki." La pili: "Umezidisha mzigo." Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yanaficha sababu kubwa, ndiyo maana watu wanaendelea kununua pini mpya kila mwezi na zinaendelea kupinda. Pini nyingi zinazopinda hazikushindwa na mzigo. Zilishindwa na nafasi iliyoachwa wazi pembeni yake. Nitaeleza polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa.

Kwanza tuelewane majina. Trekta dogo la bustani ni lile la magurudumu manne, la kukalia, linalokata majani na kuvuta tela dogo. Huku kwetu si mengi, utayaona kwenye mashamba, mashuleni na kwenye bustani za hoteli, lakini yaliyopo yanafanya kazi kuliko yalivyokusudiwa. Nyuma yake kuna bamba, yaani kipande cha chuma bapa chenye tundu. Tela lina mkono mrefu unaokuja mbele, na mwisho wa mkono huo kuna mdomo wenye mataya mawili, la juu na la chini, kila moja na tundu lake. Bamba la trekta linaingia katikati ya mataya, matundu matatu yanalingana, pini inashuka toka juu ikipita yote matatu. Chini inafungwa na klipu au kotapini ili isipande. Kwenye pawatila, zile zilizoingia kwa wingi wakati wa mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kuanzia 2009, umbo ni tofauti kidogo lakini kazi ya pini ni ileile. Na hapo jambo ni zito zaidi, kwa sababu dereva wa pawatila amekaa juu ya tela lenyewe.

Neno la mwisho ni kucheza. Fundi akisema pini inacheza, ana maana tundu ni pana kuliko pini, au mataya yako mbali na bamba, kiasi kwamba ukiitikisa kwa mkono inakwenda huku na huku. Shika neno hilo, maana ndilo lenye kesi.

Sasa fikiria watu wawili wanaobeba gunia kwa mpiko. Gunia linaning'inia katikati, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wakisogeleana mpaka gunia linakaribia kuwagusa magoti, mpiko hauhisi kitu. Wakiachana hatua tatu tatu, mpiko uleule na gunia lilelile, utaona tumbo la mpiko linashuka. Uzito haujaongezeka hata ratili. Kilichoongezeka ni umbali kati ya mabega mawili. Kisha fikiria mmoja wao anachoka na kuachia. Yule aliyebaki anajaribu kushika ncha moja ya mpiko, gunia likiwa mbele yake hewani. Kama mkono wake hautashindwa, mti utavunjika.

Pini ya tela ni mpiko uliosimamishwa wima. Mabega ni mataya mawili, na gunia ni bamba la trekta linalousukuma mpiko katikati. Hakuna zaidi ya hapo.

Nilimwomba kijana mmoja anayejua hesabu za chuma anisaidie kuweka namba, na namba hizi zilinibadilisha mawazo. Chukua pini ya milimita 12 ya chuma cha kawaida, kile kinachoanza kupinda moja kwa moja kinapofikia nguvu ya takriban nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba. Livutishe tela kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200, ambayo ni nyingi kwa trekta dogo. Ikiwa mataya yameachana milimita 30 na bamba liko katikati, pini inatumia kama theluthi moja tu ya uwezo wake. Ipo salama kabisa. Ukiyaachanisha mataya milimita 60, inatumia asilimia 70. Lakini ukiiacha ishikwe upande mmoja tu, bamba likiwa milimita 30 kutoka kwenye taya, inadaiwa asilimia 140 ya ilichonacho. Inapinda. Ni pini ileile, mzigo uleule na dereva yuleyule. Hii ni hesabu ya kurahisisha, chuma halisi kina mambo yake, lakini uwiano wake ndio huo: kushikwa upande mmoja kwa umbali wa milimita 30, badala ya pande mbili zilizoachana milimita 30, kunaongeza mateso ya pini mara nne.

Ndiyo maana swali la kwanza si "pini hii ni ya wapi?" Swali la kwanza ni "nani anaishika, na kutoka umbali gani?"

Mshtuko

Kuna jambo la pili linalozaliwa na nafasi, nalo ni mshtuko. Anayefuga anajua. Ukimwongoza ng'ombe kamba ikiwa imekaza, akivuta unahisi mvuto unaokuja taratibu. Kamba ikiwa imelegea, akishtuka akakimbia, kamba inakaza ghafla na unaweza kuteguka bega. Ng'ombe hajaongeza nguvu. Alipata nafasi ya kuchukua mwendo kabla kamba haijakaza.

Mzigo unaowekwa ghafla, hata bila kuanguka kutoka juu, unakiumiza chuma mara mbili ya mzigo uleule ukiwekwa polepole. Hiyo ni bila nafasi yoyote. Ukiongeza nafasi ya sentimita moja ya kuchukua mwendo, inazidi hapo. Sasa rudi kwenye ile pini ya mataya yaliyoachana milimita 60, iliyokuwa inatumia asilimia 70. Achia klachi ghafla mara moja, iko kwenye asilimia 140. Umeifikisha palepale ilipokuwa pini ya upande mmoja.

Hili linajibu fumbo ambalo watu wengi wanaliulizia: "Trekta langu ni dogo hivi, linapataje nguvu ya kupinda chuma?" Ni kweli, trekta dogo likivuta kwa utulivu haliwezi kuzidi mshiko wa matairi yake ya nyuma. Kabla halijafikia kuvuta kilo sawa na uzito wake lenyewe, matairi yanazunguka bure. Lakini gurudumu la tela likinasa kwenye tope, dereva anafanya nini? Anarudi nyuma kidogo, anapata nafasi, anakanyaga mafuta, anaruka mbele. Sisi tunaita kulishtua. Wakati ule anayevuta si matairi. Ni mwendo wa trekta zima, na mwendo huo wote unasimamishwa ndani ya milimita chache na fimbo ya chuma yenye unene wa kidole. Mara nyingi tela linatoka, dereva anashukuru, na pini imeanza kupinda pale bila yeye kujua.

Milima yetu inaongeza. Kwa kila mwinuko wa mita moja ndani ya mita kumi, tela la kilo 500 linarudisha nyuma kama kilo 50, kabla hujahesabu tope. Huo si mzigo wa kutisha. Kinachoumiza ni kushuka. Ukitoka juu kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani mlimani, kuja mjini, tela halina breki, nalo linamsukuma trekta. Ukipunguza mwendo linagonga mbele, ukiongeza linabaki nyuma na kugonga upande wa pili. Pini inapigwa mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kila aliyewahi kukata waya wa kufungia nondo kwa kuukunja mara kwa mara anajua mwisho wake.

Halafu kuna mifongo. Mifereji hii ya wazee inakatiza njia zetu za shamba kila baada ya hatua chache, na hapo ndipo pini inapopata adhabu ambayo watu hawaioni. Trekta likishuka kwenye mfongo, pua chini, mkia juu, bamba lake linainama kuelekea upande mmoja wakati mkono wa tela bado umelala sawa. Mataya yakiwa yamebana, ukingo wa bamba unagusa taya la juu na mwingine unagusa la chini, na mkono wa tela wenye urefu wa mita moja na zaidi unageuka kuwa mtaimbo. Unajua mtaimbo unavyong'oa jiwe. Kitu kinachong'olewa hapa ni pini.

Na hapa nilikwama kwa muda, kwa sababu inaonekana tunajipinga. Nimesema nafasi ndiyo adui. Sasa nasema mataya yakibana sana pini inang'olewa kwenye mfongo. Ukweli ni kwamba aliyetengeneza mdomo ule aliacha nafasi kwa makusudi, ili tela liweze kuinama na kuinuka. Nafasi fulani ni lazima. Tatizo ni pale inapozidi, au pale inapokuwa mahali pasipotakiwa. Nafasi ya juu na chini ya bamba inatakiwa iwe ndogo lakini iwepo, milimita chache kila upande kwa njia zetu. Nafasi kati ya pini na kuta za tundu, hiyo haina faida yoyote, iwe ndogo kadiri pini itakavyokubali kuingia kwa mkono. Watu wanachanganya hizi mbili, wanabana ile inayotakiwa kubaki na kuiacha ile inayoua.

Pini inasema, ukijua kuisoma

Pale kwenye jiwe, barabara ya Kibosho, niliona kitu ambacho kwenye pini mbili za kwanza sikukiangalia. Haikuwa imepinda katikati. Ilikuwa imepinda shingoni, chini kidogo ya mahali taya la juu linaposhika, na kutoka hapo mkia wake ulikuwa umenyooka kabisa, umeelekea mbele kama kidole kinachoonyesha njia. Kule mkiani hakukuwa na alama hata moja ya taya la chini. Sehemu iliyotakiwa kung'aa kwa kusuguliwa ilikuwa na kutu ya siku nyingi.

Niliipeleka Pasua kwa fundi mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, nikampa pini, nikaanza kumweleza kuhusu chuma feki. Aliibingirisha kwenye benchi lake mara moja tu.

"Mzee, hii pini haina kosa," akasema. "Imeshikwa mkono mmoja."

Akaniuliza klipu yangu iko wapi. Klipu ilidondoka zamani, nikawa nafunga na waya. Waya ulikuwa unakatika, nafunga mwingine. Kila tela linaporuka kwenye shimo, pini inapanda kidogo, haina cha kuizuia. Ikipanda ya kutosha inatoka kwenye taya la chini, inabaki imeshikwa na taya la juu peke yake, na bamba linasukuma mkia wake uliokuwa hewani. Ni yule mbeba mpiko aliyeachwa na mwenzake. Pini tatu zilikufa kwa sababu ya klipu moja ambayo bei yake haifikii robo ya bei ya pini.

Tangu siku hiyo kila pini iliyopinda naisoma kabla sijaitupa, na nimejifunza kwamba zina sura zake. Iliyopinda katikati kama upinde, ncha zote mbili zikiwa zimeng'aa, ilishikwa pande zote lakini mataya yako mbali. Iliyopinda shingoni kama bakora ilishikwa upande mmoja, ama imepanda, ama tundu la taya moja limeliwa mpaka halishiki tena. Ile iliyokatwa kama ngazi, sehemu ya katikati imesogea mbele na ncha zimebaki nyuma, zikiwa na vidato viwili, hiyo ndiyo iliyozidiwa na mzigo kweli, mataya yakiwa karibu na bamba. Hiyo ya ngazi ni nadra. Katika pini zote nilizoonyeshwa na majirani nimeiona moja tu. Na iliyonyooka lakini imelika upande mmoja, ina kishimo kama mwezi mwandamo, haikupinda bali imesagwa na vumbi. Hiyo inaandaa kupinda, kwa sababu imeshapungua unene na inacheza.

Kuna kitu kingine kizuri cha kujua. Kabla hujaitoa pini iliyopinda, ipake alama ya chokaa upande unaotazama trekta. Kama ina mshikio ulioizuia kuzunguka, tumbo la upinde litakuambia ilipinda saa ngapi ya safari. Tumbo likitazama mbele, ilipinda wakati wa kuvuta, mlimani au topeni. Likitazama nyuma, ilipinda wakati tela linasukuma, yaani mteremkoni au kwenye kufunga breki. Mtu anayelaumu mzigo wa kupanda anaweza kugundua kwamba shida yake ni namna anavyoteremka.

Yale tunayoambiana

Ushauri wa kwanza mtu anaopewa ni kuweka nene zaidi. Kwa upande wa pini ushauri huu una nguvu kweli. Kutoka milimita 12 kwenda 16, uwezo wa kukataa kupinda unaongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu unene unajizidisha mara tatu kwenye hesabu hiyo. Lakini lazima utoboe bamba na mataya upya, na bamba la trekta la bustani ni jembamba. Mafundi chuma wana kipimo chao: toka katikati ya tundu mpaka ukingo wa chuma pasipungue mara moja na nusu ya upana wa tundu. Ukitoboa ukavuka hapo, pini yako haitapinda, bamba litachanika. Pini unaibadilisha njiani. Bamba limechomelewa kwenye mwili wa trekta.

Wa pili ni kuweka ngumu kabisa, na hapa naomba usikilize kwa makini kwa sababu hili linaweza kuumiza mtu. Kuna wanaokata kipande cha shafti ya shokapu au chuma cha springi wakakifanya pini. Ngumu ni ngumu. Lakini chuma kikizidishwa ugumu kinapoteza uvumilivu. Chuma laini kikizidiwa kinapinda, kinakupa habari, unakiona jioni. Chuma kigumu sana kinasimama wima, kinasimama wima, kisha kinakatika kama bua la muhindi. Kikikatika mlimani, tela linarudi nyuma lenyewe, na nyuma huwa kuna watoto wanaosukuma. Pini iliyopinda ni hasara. Pini iliyokatika ni ajali.

Kuna wanaotoka hapo wakaenda upande wa pili, wakasema basi pini laini ni kama fyuzi, iache ipinde ilinde trekta. Wanachanganya na pini za kukatika zilizopo kwenye mashine za kufyeka, ambazo kweli zimewekwa zikatike panga likigonga jiwe. Pale zikikatika mashine inasimama. Pini ya tela ikiachia, tela linaanza safari.

Njia ya kati ipo na inapatikana dukani. Tazama kichwa cha bolti. Ukikuta 4.6, hicho ni chuma cha kawaida, kinaanza kupinda kwenye 240 hivi kwa kipimo kile nilichotumia juu. Ukikuta 8.8, kinaanza kwenye 640, zaidi ya mara mbili na nusu, na bado kina uvumilivu wa kupinda kabla ya kukatika. Bolti ya 8.8 inafanya pini nzuri, ilimradi sehemu yenye meno ibaki nje chini ya taya, isiingie ndani ya tundu lolote. Meno yanapunguza unene na yanasaga tundu kama tupa. Bolti isiyo na namba kichwani ichukulie kuwa ya kawaida, hata muuzaji akiapa.

Nondo nayo ina mashabiki wake, kwa kuwa inapatikana kila jengo linapojengwa. Chuma chake si kibaya. Ubaya wake ni mbavu. Pini ya nondo inagusa kuta za tundu kwenye mbavu tu, kwa hiyo inacheza tangu siku ya kwanza, na kila mbavu inachimba. Haina kichwa, haina tundu la klipu. Imejaa nafasi.

Kuhusu kunyoosha: usinyoose ukairudisha kazini. Ukiigonga ikiwa baridi unaongeza mkunjo juu ya mkunjo, na palepale ilipopinda panabaki dhaifu zaidi. Ukiichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu ili inyooke vizuri, kama ilikuwa imetiwa ugumu kiwandani umeuondoa, umebaki na chuma laini chenye umbo zuri.

Nilichofanya kwenye tela langu

Fundi wa Pasua hakuniuzia pini siku ile. Alinirudisha nyumbani nikalete tela. Alipolitazama alikuta tundu la taya la chini limeliwa likawa refu kama yai, kidole changu kidogo kiliingia pamoja na pini. Mataya yenyewe yalikuwa yameachana sana, bamba linaelea katikati kama ulimi kwenye mdomo ulioachama. Alitoboa matundu yote mawili yakawa mviringo tena, akatia bushi mpya za bomba nene na kuzichomelea kwenye mataya, siyo kwenye pini. Kisha akaweka washa nene juu ya bamba na nyingine chini, akapunguza ile nafasi mpaka ikabaki ya kutosha tela kuinama. Tulijaribu palepale, tukapandisha gurudumu la nyuma la trekta juu ya tofali mbili, tukaona mdomo haubani. Mwishoni akachukua tupa akavunja makali ya kingo za tundu la bamba, kwa sababu kingo kali zinaikata pini kidogo kidogo na mpasuko huanzia pale.

Klipu nilinunua tano, nne ziko kwenye sanduku la spana. Pia nilifunga mnyororo kutoka mkono wa tela mpaka kwenye mwili wa trekta, siyo kwenye bamba, ili pini ikitoka tela lisiende mbali. Samadi sasa naipanga izidi kidogo mbele ya ekseli, maana ikirundikana nyuma mkono wa tela unanyanyuka na kuivuta pini juu kila shimo. Na kwenye grisi nimejifunza kupangusa kwanza. Grisi iliyoshika vumbi la barabara zetu ni msasa, unaongeza mpya juu yake unaongeza msasa.

Nilirudi pia kwa yule muuza spea. Nilimkuta na wateja wengine, nikamwomba radhi mbele yao, kama nilivyomgombeza mbele ya watu. Alinisikiliza, kisha akauliza kama bado ninayo ile pini iliyopinda shingoni. Ninayo. Akaniomba, akaitundika kwa waya juu ya kaunta yake, na mtu akija kulalamika kuhusu pini anamwonyesha ile na kumuuliza kuhusu klipu.

Pini niliyonayo sasa ni bolti ya 8.8, ya milimita 12, unene uleule wa zile tatu. Jioni naitoa, naipangusa, naibingirisha kwenye kipande cha kioo kilichopo dirishani stoo, taa ikiwa upande wa pili. Pini iliyopinda hata unywele inaruhusu mwanga kupita chini yake mara moja kila inapozunguka. Nimebeba samadi, mchanga na majani ya ng'ombe vuli yote, na chini yake bado ni giza.